Jiwe la Bluu Mkononi: Mwongozo Kamili wa Kulitambua na Kulithaminisha

Kijana aliingia kibandani saa kumi na moja jioni, begi la safari bado liko begani, vumbi la njiani bado liko kwenye nyusi. Akanisalimia, akavuta kiti, akafungua karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na jiwe la bluu lenye ukubwa wa yai la njiwa.

"Mzee, hii tanzanaiti. Mjomba kanipa, imetoka Mirerani yenyewe."

Nikaliweka juu ya mzani: gramu 21.63. Nikalifunga uzi, nikalining'iniza ndani ya glasi ya maji. Mzani ukasoma 8.66. Nikagawanya kwa kikokotoo cha simu, nikamgeuzia kioo cha simu asome mwenyewe: 2.50.

"Mwanangu, hii ni chupa."

"Lakini mzee, hebu tazama rangi!"

Basi hapo ndipo penye shida yote. Tangu mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aiuzie Serikali tanzanaiti zake mbili Juni 2020, moja ya kilo 9.27 na nyingine ya kilo 5.10, kwa kiasi cha Sh bilioni 7.7, kila jiwe la bluu nchini limepata ukoo wa kitajiri. Watu wanatazama rangi, wanasikia mabilioni. Mimi kazi yangu ni kupima dhahabu hapa Mwanza, na dhahabu imenifundisha jambo moja ambalo nimelihamishia kwenye vito: rangi itazamwe mwisho. Mwongozo huu umepangwa kwa msingi huo. Utaanza na vitu ambavyo muuzaji hawezi kuvipaka mafuta.

Kwanza ujue uko wapi

Milima ya Mwanza, kuanzia Jiwe la Bismarck pale ziwani hadi mawe yaliyobebana juu ya nyumba za Bugando, ni granaiti ya kale sana. Ukienda Geita, Kahama au Tarime unaingia kwenye miamba ya dhahabu. Mwadui kule Shinyanga kuna almasi. Tanzanaiti haipo kwenye ramani hiyo: inachimbwa Mirerani, Wilaya ya Simanjiro, na ndiyo sehemu pekee duniani inakochimbwa kibiashara tangu igunduliwe mwaka 1967. Safaya, ile ambayo wazee wa pwani waliita yakuti samawi, hutoka zaidi Umba mkoani Tanga na kwenye mchanga wa mito ya Tunduru.

Kwa hiyo jiwe la bluu unaloonyeshwa Kirumba au Buzuruga karibu kila mara limepanda basi. Swali lako la kwanza kwa mwenye jiwe liwe: limetoka wapi, na limepita mikononi mwa nani? Mtu akikuambia ameokota tanzanaiti ufukweni Sengerema, hilo tayari ni jibu. Ufukweni kuna vipande vya chupa vilivyosuguliwa na mawimbi miaka mingi mpaka vikapata ngozi ya ukungu. Ukivishika unaweza kuapa ni kokoto ya mtoni.

Vifaa

Huhitaji maabara. Unahitaji mzani mdogo wa kidijitali unaosoma hadi gramu 0.01, ule ule wa kupimia dhahabu. Unahitaji glasi ya maji, uzi mwembamba (wa nailoni, kama wa ndoano ndogo, ni bora kuliko wa pamba kwa sababu haunywi maji), lupu ya kukuza mara 10, tochi ndogo yenye mwanga mkali, na kompyuta au simu yenye skrini unayoweza kuifanya nyeupe yote. Ongeza msumari wa chuma na kigae kimoja cha sakafuni.

Vya ziada ni vya bure. Panda mlima wowote hapa mjini, okota kipande cha granaiti kilichovunjika. Chembe za kijivu zinazofanana na kioo ni kwazi, ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha 1 hadi 10. Zile pana za pinki au nyeupe, zenye nyuso bapa zinazometa ukizigeuza, ni feldispa, ugumu 6. Vunja kipande kidogo cha kila moja, weka kwenye kopo. Una vipimo viwili vya ugumu ambavyo mtu wa Ulaya anavinunua kwenye seti.

Hatua ya kwanza: osha, kausha, subiri

Jiwe ghafi likiletwa linang'aa, uliza kwa nini linang'aa. Kuna ujanja wa zamani wa kupaka mafuta ya mgando au kulimwagia maji kila baada ya dakika mbili, "ili uone rangi vizuri". Maji na mafuta hujaza nyufa, na ufa uliojaa hauonekani. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua kwa mswaki laini, futa kwa kitambaa, kisha liache likauke kabisa. Kama muuzaji hana muda wa robo saa, mwambie akupitie kesho.

Kabla ya kuosha, hata hivyo, fanya jambo moja: dondosha tone moja la maji kwenye kona, kisha gusisha karatasi nyeupe ya chooni. Karatasi ikinywa rangi ya bluu, umeshika mrututu. Ndiyo, mrututu ule ule wa dukani ambao wafugaji wanautumia kwenye kwato na wakulima kwenye dawa za ukungu. Huota fuwele kubwa, nzuri, zenye kingo kali na bluu inayoumiza macho. Mwanafunzi yeyote wa kemia anaweza kuikuza kwenye kopo. Ukiiosha inayeyuka. Na hii ndiyo sababu usiwe na tabia ya kulamba mawe kama wafanyavyo baadhi ya madalali: mrututu ni sumu.

Jambo jingine la kuangalia kabla ya mswaki ni masizi meusi kwenye mikunjo ya jiwe. Mwamba wa Mirerani una madini ya kinywe, na tanzanaiti nyingi ghafi hutoka zimejipaka weusi huo unaoteleza na kuchafua vidole kama risasi ya penseli. Ni dalili nzuri. Si ushahidi: penseli zinauzwa kila duka.

Hatua ya pili: ondoka chini ya turubai

Hatua hii ni fupi, lakini imewatia watu hasara kubwa. Nusu ya vibanda vya mjini vina turubai la bluu juu. Chini ya turubai la bluu hata kwazi nyeupe inakuwa akwamarini, kito cha bluu hafifu. Taa nyeupe za LED nazo zinavuta kila kitu kuelekea bluu, na balbu za njano za zamani zinafanya tanzanaiti ionekane ya zambarau zaidi. Toka nje saa tatu au saa nne asubuhi, simama kivulini, weka jiwe juu ya karatasi nyeupe isiyo na mistari. Jua la saa sita halifai, linaosha rangi yote. Na usiku usinunue.

Nasema hivyo kwa sababu nilinunua usiku. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi, mtu alinijia na "safaya" nimeshafunga mzani, nikaitazama chini ya taa ya LED, nikaona bluu ya wino, nikalipa. Asubuhi niliigeuza upande wa pili mbele ya dirisha ikawa karibu haina rangi, kama maji ya kunawia. Ilikuwa aolaiti. Jiwe halali, zuri hata, lakini si la bei niliyotoa. Bado ninalo kwenye droo, ndilo ninalofundishia vijana.

Hatua ya tatu: soma umbo

Fuwele ambayo haijasagwa na mto inajieleza. Itazame kwanza kwa macho matupu, kisha kwa lupu. Haya ndiyo mawe ambayo huweza kukujia yakiwa ya bluu.

Akwamarini ni penseli ya pande sita yenye kichwa bapa, na mistari myembamba inayokwenda na urefu. Tomalini nayo ina mistari ya urefu, tena mizito zaidi, lakini ukiitazama kichwani ina pembe tatu zilizovimba, kama sambusa iliyojaa. Safaya hufanana na pipa: nene katikati, nyembamba kwenye ncha, na mistari yake inakata upana badala ya kufuata urefu. Kwenye kitako chake mara nyingi utaona vialama vidogo vya pembetatu. Spineli ni piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako. Floraiti ni kete, au vipande vyenye pembe safi kwa sababu inapasuka vizuri pande nne. Kyanaiti ni bapa na ndefu, kama kisu cha kupaka siagi, na bluu yake hukolea katikati ikafifia pembeni. Tanzanaiti ni mche wenye mistari ya urefu na ubapa fulani, lakini nyingi zinafika mkononi zikiwa vipande, kwa sababu ina upande mmoja inapopasuka kwa urahisi mno. Ndiyo maana tanzanaiti haigongwi wala haidondoshwi.

Kioo hakina umbo lake. Kina mapasuko yenye mawimbi ya duara, kama ndani ya gamba la kome, na wakati mwingine utaona uso laini uliopoa ndani ya kalibu. Lakini angalia: kwazi, aolaiti na akwamarini nazo zinaweza kupasuka kwa mawimbi hayo. Usimhukumu mtu kwa pasuko peke yake.

Hatua ya nne: namba ya maji

Hapa ndipo ninapotaka ukae. Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, isome hii mara mbili.

Wanunuzi wa dhahabu Kanda ya Ziwa wanalijua jambo hili kama kupima kwa maji. Dhahabu safi ina uzito mara 19.3 ya maji yenye ujazo ule ule, ikichanganywa na fedha au shaba namba inashuka. Vito navyo kila kimoja kina namba yake, na namba hiyo haijali jiwe ni zuri au baya, limekatwa au ghafi, linang'aa au limefubaa. Pale kibandani tunaiita namba ya maji.

Fanya hivi. Pima jiwe likiwa kavu, andika. Weka glasi yenye maji juu ya mzani, kisha bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Funga jiwe kwa uzi, shika uzi kwa mkono uliotulia (mimi nimeegesha kijiti juu ya matofali mawili, mkono hauhitajiki), ulizamishe lote ndani ya maji bila kugusa kitako wala ukuta wa glasi. Mzani utasoma namba ndogo. Hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Mfano. Jiwe kavu gramu 18.42. Ndani ya maji mzani unasoma 5.52. Kugawanya: 3.34. Sasa soma orodha hii:

Kioo cha kawaida: 2.3 hadi 2.6
Aolaiti: 2.6
Akwamarini: 2.7
Tomalini: 3.06
Floraiti na apataiti: 3.2
Tanzanaiti: 3.35
Topazi: 3.5
Spineli na kyanaiti: 3.6
Azuraiti: 3.8
Safaya: 4.0
Zikoni: 4.6 hadi 4.7

Jiwe letu la mfano limeketi mlangoni kwa tanzanaiti. La yule kijana lilikuwa 2.50, na hakuna mjomba anayeweza kubadilisha hilo.

Makosa yanaingia wapi? Kwanza viputo vya hewa. Vinang'ang'ania kwenye mikwaruzo ya jiwe, vinaongeza ujazo, namba inashuka. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, tia tone la sabuni, litikise jiwe kidogo ndani ya maji kabla ya kusoma. Pili, mwamba ulioshikamana na jiwe: utakuwa unapima vitu viwili kwa pamoja. Tatu, na hili wengi hawalijui, ukubwa. Chukua kijiwe cha gramu 0.84. Mzani ukisoma 0.25 unapata 3.36, tanzanaiti. Ukisoma 0.24 unapata 3.50, umefika topazi. Ukisoma 0.26 unapata 3.23, umeshuka kwenye apataiti. Tofauti ya tarakimu moja ya mwisho, na mzani wa bei hii unaruka tarakimu moja feni ikiwashwa tu. Kwa mawe ya chini ya gramu 2 pima mara tano, chukua wastani, na usiiamini sana.

Kumbuka pia kuna vioo vilivyotiwa risasi ambavyo ni vizito kupita 3, na mawe ya kiwandani. Safaya ya kutengenezwa kwa moto, kwa njia ambayo mkemia Mfaransa Verneuil aliitangaza mwaka 1902, ina namba ya maji ile ile ya 4.0 kwa sababu ni safaya kweli, ila imezaliwa kwenye tanuri. Hapo namba inanyamaza, lupu inasema.

Hatua ya tano: zungusha mbele ya skrini

Fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta, ongeza mwanga hadi mwisho, zima taa ya chumba. Mwanga wa skrini nyingi za aina hii umechujwa, unatetemeka upande mmoja tu. Shika jiwe karibu na skrini, funga jicho moja, kisha lizungushe polepole kama usukani. Halafu geuza upande mwingine wa jiwe, rudia. Halafu upande wa tatu.

Jiwe la droo yangu, ile aolaiti, ukilizungusha linatoka bluu ya wino linakuwa manjano hafifu, linarudi tena. Tanzanaiti ambayo haijachomwa ina rangi tatu kwa pande zake tatu: bluu, zambarau, na kahawia yenye wekundu, kama chai ya rangi kwenye glasi. Ikishachomwa ile kahawia huondoka, zinabaki bluu na zambarau. Safaya inacheza kati ya bluu na bluu yenye kijani. Akwamarini inabadilika kidogo tu, bluu hafifu na karibu weupe. Tomalini ukiitazama kwa urefu wake huwa nyeusi kabisa, ukiitazama ubavuni inafunguka.

Kioo, spineli na floraiti hazibadiliki hata uzizungushe mpaka asubuhi. Kwa hiyo jiwe lenye namba 2.55 na lisilobadilika ni kioo, lenye 2.6 na linalobadilika vikali ni aolaiti. Vipimo viwili vimetenganisha mawe ambayo kimoja pekee kisingeweza.

Hatua ya sita: ugumu, kwa adabu

Kipimo hiki kinaacha alama, kwa hiyo kifanye mwisho, hata baada ya lupu ya hatua ya saba, kwenye sehemu iliyovunjika, kwa ruhusa ya mwenye jiwe. Usimkwaruzie mtu jiwe lake kisha umwambie huna haja nalo. Nimeshuhudia ngumi kwa ajili hiyo.

Sugua kona ya jiwe nyuma ya kigae, upande usio na rangi ya kung'aa. Azuraiti inaacha unga wa bluu. Vito vingi vya bluu vinaacha unga mweupe au haviachi kitu. Msumari ukichora jiwe, basi ni floraiti, apataiti, azuraiti au kyanaiti iliyochorwa kufuata urefu wake. Kyanaiti ina kiroja: kwa urefu msumari unaingia, kwa upana hauingii. Hakuna jiwe jingine kwenye orodha yetu lenye tabia hiyo, na linamaliza ugomvi wa 3.6 kati yake na spineli.

Kisha toa kopo la granaiti. Tanzanaiti inachora kioo cha dirisha bila taabu, na kwazi inaichora yenyewe. Akwamarini, topazi na spineli zinaichora kwazi. Safaya inaichora kwazi kama kisu kwenye papai. Ukiona mstari, ufute kwa kidole chenye mate: ukifutika ulikuwa unga wa jiwe laini, si mchoro.

Hatua ya saba: lupu

Lete lupu jichoni, kisha lete jiwe kwenye lupu. Si kinyume chake. Washa tochi kwa ubavuni.

Viputo vya duara kama hewa kwenye soda ni kioo, mara nyingi sana. Mistari ya rangi iliyopinda kama mifereji ya santuri ni safaya ya kiwandani. Safaya ya asili rangi zake hupangwa kwa mistari iliyonyooka, mara nyingine inayokutana kwa pembe kama kona za chumba. Ukiona vijisindano, vifuwele vidogo, nyufa zilizojiponya zinazofanana na alama ya kidole, furahi. Jiwe ghafi lisilo na uchafu hata chembe, kubwa na la bei ya kutupa, lazima likutie wasiwasi.

Sasa thamani yake

Jina la jiwe halijakupa bei. Tanzanaiti ipo ya kutengenezea pete na ipo ya kutupia kwenye kopo la mapambo.

Kilo na gramu ni lugha ya mchimbaji. Mkataji anaongea karati. Gramu 1 ni karati 5. Turudi kwenye jiwe letu la gramu 18.42, yaani karati 92.1. Muuzaji atakutajia bei ya karati 92. Wewe lizamishe kwenye glasi ya maji, washa tochi chini ya glasi, ligeuze taratibu. Ndani ya maji ngozi ya jiwe inapotea, utaona nyufa zinavyokwenda na rangi ilipokaa. Chora kwenye karatasi. Tuseme sehemu safi ni kama gramu 11, karati 55. Mkataji naye hupoteza nyingi kwenye diski: kubakiza theluthi moja ni kazi nzuri, mara nyingi ni chini ya hapo. Kwa asilimia 30 unapata karati 16.5. Na kwa jinsi nyufa zilivyopita, huenda zisiwe jiwe moja, zikawa matatu. Hapo ndipo bei inapoanzia: unauliza sokoni mawe matatu ya ukubwa huo, rangi hiyo, yamekatwa, yanauzwaje, unatoa gharama ya kukata, unatoa tozo, unatoa hatari ya jiwe kupasuka kwenye diski, unatoa faida yako. Kinachobaki ndicho unachoweza kulipa. Nimewaona watu wakilipa karati 92 kwa jiwe la karati 16.

Rangi sasa irudi, maana muda wake umefika. Bluu iliyofifia haina mteja mkubwa, na bluu iliyokolea kupita kiasi inalala: safaya nyingi ghafi zinaonekana za kifalme zikiwa na tochi nyuma, zikikatwa zinakuwa nyeusi. Litazame bila tochi, kwa mwanga unaolipiga kwa mbele, kama litakavyovaliwa. Angalia pia kama rangi imejaa jiwe zima au iko kwenye ngozi tu. Kwa tanzanaiti, ukubwa unasaidia rangi. Kijiwe kidogo mara chache kinaonyesha ile bluu nzito hata kikiwa safi.

Kuchoma ni jambo jingine. Tanzanaiti karibu zote zilizo madukani zimechomwa, soko linalijua na halina kinyongo. Kwa hiyo jiwe lenye kahawia nyingi usilidharau, huenda likatoka bluu safi kwenye tanuri la fundi. Tanuri, nasema, lenye kupanda moto polepole hadi nyuzi 500 na zaidi. Jiko la mkaa halifai: moto wake unaruka, na jiwe lenye nyufa litakurudia vipande. Safaya ni tofauti kidogo, ambayo haijachomwa ina bei ya juu, na kulithibitisha hilo ni kazi ya maabara. Topazi ya bluu iliyokolea karibu zote ni topazi nyeupe iliyopigwa mionzi, kwa hiyo ukiletewa ghafi ya bluu kali ikisemwa imechimbwa hivyo hivyo, rudi hatua ya nne.

Karatasi na mikono

Kuuza na kununua vito bila leseni ni kosa. Broka, yaani dalali, ana leseni yake, dila, yaani mfanyabiashara mkubwa wa madini, ana yake, na biashara hupitia Soko la Madini chini ya Tume ya Madini. Kwenye vito ghafi kuna mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Hesabu hizo ziwe ndani ya bei yako tangu mwanzo. Tanzanaiti ina ulinzi zaidi, ukuta wa kilomita 24.5 ulijengwa kuzunguka machimbo mwaka 2018, na jiwe lililotoka ndani ya ukuta lazima liwe na maelezo ya lilivyotoka. Kama una jiwe na huna karatasi, nenda Ofisi ya Afisa Madini Mkazi uliza, kabla hujaulizwa wewe.

Vipimo vyako vikigongana, au jiwe likiwa kubwa kiasi cha kukunyima usingizi, lipeleke kwa wenye vyombo: Kituo cha Jimolojia Tanzania kipo Arusha, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ipo Dodoma. Lifunge peke yake kwenye pamba, ya hapa hapa Usukumani inatosha, kisha kwenye karatasi ngumu. Usilichanganye na mawe mengine mfukoni, safaya itaitafuna tanzanaiti njiani.

Na kabla hujalikabidhi kwa mtu yeyote, awe mkataji, broka au ndugu, liweke juu ya mzani na ulipige picha namba ikionekana, halafu pande zake zote kwa karibu, nyufa zionekane. Andika uzito mkavu na namba ya maji juu ya karatasi ya kufungia, mpokeaji aweke sahihi. Jiwe likirudi, lipime tena mbele yake. Yule kijana wa jioni ile nilimwandikia hivyo: 21.63, 2.50. Aliikunja karatasi mara nne kama ilivyokuwa, akatoka nje kumpigia mjomba simu.